Ruta Imekufa, au Imechoka Tu?

Somo la safari hii si la kisima wala la mbuzi wa maziwa. Ni la kile kisanduku kidogo chenye taa zinazowakawaka, kinachokaa juu ya kabati au kuning'inia kwa msumari karibu na televisheni. Wengi wetu tunakiita "waifai". Jina lake ni ruta.

Tumeamua kuandika juu yake kwa sababu ya mambo tunayoyaona tunapotembelea familia hapa mjini Garissa. Siku hizi mtoto akimaliza kidato cha nne, kuchagua chuo ni kwa intaneti. Mkopo wa HELB ni kwa intaneti. Cheti cha kuzaliwa, leseni ya dereva, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, vyote vinaanzia eCitizen. Mlango wa maombi hufunguliwa na kufungwa kwa tarehe, haumngojei mtu. Sasa ruta ikizima siku tatu kabla ya tarehe hiyo, mama wa nyumba hana raha. Anamwita kijana fulani anayejua "mambo ya kompyuta". Kijana anaitazama, anatikisa kichwa, anasema: "Hii imekufa. Nunua ingine." Basi shilingi elfu kadhaa zinatoka kwenye chama, au mbuzi anapelekwa soko la mifugo kabla ya wakati wake. Ile ya zamani wanapewa watoto wachezee.

Kumbe mara nyingi haikufa. Katika somo hili tutajifunza kwanza namna ya kutafuta ugonjwa wa ruta kwa utaratibu, bila kubahatisha. Halafu tutaongea juu ya jambo ambalo vijana wetu wanaliuliza sana: je, ruta ya zamani inaweza kutolewa ile programu iliyokuja nayo kutoka kiwandani na kuwekewa nyingine?

Mfano wa kibanda cha maji

Hapa kwetu maji hutolewa mto Tana, husafishwa, hupita kwenye bomba kubwa mpaka kibanda cha mtaani. Pale kibandani kuna mifereji, na kila mtu anajaza mtungi wake. Mtungi ukifika nyumbani mtupu, huwezi kusema papo hapo kwamba kibanda kimeharibika. Labda bomba kubwa limekatika. Labda mtungi wenyewe umetoboka. Labda aliyetumwa na mkokoteni wa punda amemwaga njiani.

Intaneti ni vivyo hivyo. Bomba kubwa ni laini ya kampuni: inaweza kuwa waya wa faiba, inaweza kuwa mnara wa simu, au sahani ya setilaiti kama ile ya Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023. Kibanda ndicho ruta. Njia ya kutoka kibandani mpaka nyumbani ni waifai, yaani mawimbi yanayopita hewani. Na mtungi ni simu yako au kompyuta yako.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ni mtungi mmoja ulio mtupu, au yote? Simu ya baba ikikataa na simu ya mama inafungua, hapo ruta haina kosa. Zima waifai ya simu hiyo na uiwashe, au uiambie isahau mtandao ule kisha uingize neno la siri upya. Zikikataa zote, ndipo tuende kibandani.

Stima na joto

Hapa tutakaa kidogo, maana kwa maoni yetu hapa ndipo ruta nyingi za kaskazini mashariki huumia.

Ruta haipendi stima ya kuja na kwenda. Wakazi wa zamani wa Garissa wanakumbuka miaka ya jenereta za dizeli, kabla mji haujaunganishwa na gridi ya taifa. Siku hizi tunayo gridi, na Desemba 2019 kilizinduliwa kituo cha sola cha megawati 50 hapa hapa kwetu. Hata hivyo stima bado hukatika, na ikirudi hurudi kwa kishindo. Kinachoumia kwanza ni adapta, kile kijisanduku cheusi kinachoingia kwenye soketi. Adapta iliyochoka haifi mara moja. Inaendelea kutoa nguvu kidogo, taa za ruta zinawaka vizuri, lakini watu wawili watatu wakianza kuitumia inazima na kujiwasha yenyewe. Watu wanasema "intaneti ni mbaya". Intaneti haina neno.

Geuza adapta usome maandishi madogo. Yatasema volti 9 au volti 12 au nyingineyo, na ampea zake. Chini ya ruta pia imeandikwa inachotaka. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea za adapta zikizidi zile ruta inazoomba hakuna madhara. Zikipungua ndipo taabu inaanza. Tumekuta nyumba ambapo adapta ya king'amuzi ya volti 12 imechomekwa kwenye ruta ya volti 9 kwa sababu tu tundu lilikubali. Usifanye hivyo. Azima adapta sahihi kwa jirani, jaribu nusu saa, ndipo useme ruta imekufa. Adapta mpya bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ruta.

Tatizo la pili ni joto. Ruta za kawaida za nyumbani zimetengenezwa zifanye kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 40. Garissa, miezi ya Februari na Machi, kivulini tu mchana hupita nyuzi 35. Chumba cha mabati kisicho na dari kinazidi hapo. Halafu ruta yenyewe inatoa joto lake. Halafu, akina mama mtusamehe, tunaifunika kwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi! Kitambaa kizuri sana, chenye maua, lakini ruta inapikika chini yake kama mkate. Ndani yake mna vipande vidogo vya kutunza umeme vinavyoitwa kapasita, na mafundi wana kanuni kwamba joto likipanda nyuzi 10 maisha ya kapasita hupungua nusu. Ruta ambayo ingeishi miaka sita inaishi mitatu.

Dawa yake haina gharama. Iweke ukutani, kimo cha mtu, upande usiopigwa na jua la alasiri, mbali na jiko na friji. Vitobo vyake vikae wazi. Kila baada ya wiki mbili izime uipanguse vumbi kwa brashi kavu. Ikiwa intaneti yako inakuwa nzuri asubuhi, inakufa saa nane mchana, kisha inafufuka usiku, shuku joto kabla ya kushuku kitu kingine chochote. Lakini pima pia kama mtaa mzima hulalamika saa hizo hizo, maana mnara wenye watu wengi nao huchoka.

Wanaotaka ruta isizime stima ikikatika wanaweza kutumia betri. Ruta ndogo hula kama wati 6 tu. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, kama zile za kengele za wezi, ina wati-saa 84. Ukiitumia nusu tu ili isife mapema, unapata karibu saa saba. Ila usiiunganishe moja kwa moja, maana betri inapochajiwa hupanda kupita volti 14. Tumia kifaa cha kusawazisha volti, au ununue kile kibetri kilichotengenezwa mahususi kwa ruta. Kutumia jua kwa kazi hii si jambo jipya katika Kanisa la Afrika Mashariki: kuanzia 2007 mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu la Gulu, Uganda, uliweka kompyuta za sola zilizounganishwa kwa mawimbi ya redio katika kambi za waliofukuzwa makwao na vita. Kule stima haikuwepo kabisa.

Bomba kubwa lina maji?

Ukisharidhika kuhusu stima, zima ruta, hesabu nusu dakika, iwashe, ngoja dakika tatu. Hili linatibu zaidi ya vile watu wanavyodhani. Lisipotibu, endelea.

Angalia mambo ya aibu kwanza. Bando limeisha? Mwezi umelipwa? Waya umeingia mpaka ukalia "tik"? Tumeona panya wakila waya na familia ikilaumu kampuni wiki nzima.

Sasa chukua simu, zima data ya laini yake ili ibaki kwenye waifai peke yake. Fungua brauza uandike namba iliyo kwenye kibandiko cha ruta, kwa kawaida 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukurasa wa ruta ukifunguka, basi kibanda kizima na njia ya kwenda nyumbani ni nzima. Hapo ndani tafuta ukurasa wa hali ya mtandao. Ruta ikiwa haijapewa anwani na kampuni, utaona sifuri tupu, 0.0.0.0. Maana yake bomba ni kavu. Hakuna utakalofanya kwenye ruta likaleta maji. Pigia kampuni, na uwaambie ulichokiona. Anayeongea hivyo hujibiwa tofauti na anayesema tu "haifanyi".

Anwani ikiwepo na kurasa bado hazifunguki, tumia kompyuta. Fungua lile dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, intaneti ipo, ila daftari la majina limekosekana. Kila tovuti ina namba yake, na kuna seva za kutafsiri jina kuwa namba. Seva ya kampuni ikilala, namba zinafanya kazi lakini majina hayafanyi. Ingia kwenye ruta, mahali pa DNS, uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Ni dakika mbili.

Kwa wanaotumia ruta ya laini ya simu, mahali ilipo ni jambo kubwa. Ipeleke dirisha linalotazama upande wa mnara, ngoja, angalia vijiti vya mawimbi. Wakazi wa Wajir na Mandera watatukumbusha kwamba kule mnara wenyewe unaweza kuwa umezima, na minara imewahi kushambuliwa. Ni kweli. Hapo ruta haina la kusema.

Njia ya kwenda nyumbani

Mawimbi ya waifai hupita kwenye mbao na kitambaa bila taabu, hupungua kwenye ukuta wa mawe, na kwenye bati hugonga na kurudi. Nyumba ya vyumba vya mabati vilivyopangwa mstari ni ngumu kuliko watu wanavyofikiri. Ruta iliyo chumba cha kwanza haitamfikia vizuri aliye chumba cha tano, na kuongeza kasi kwa kampuni hakutamsaidia hata kidogo. Utalipa zaidi bure.

Ruta nyingi mpya zina mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahazi 2.4 huenda mbali lakini yana msongamano. Yale ya 5 yana kasi lakini hayaendi mbali. Aliye karibu achukue ya 5, aliye mbali achukue ya 2.4. Na kwenye 2.4, kama majirani ni wengi, chagua njia namba 1, 6 au 11, maana hizo tatu haziingiliani. Kila mtu akiwa kwenye 6 ni kama matatu zote zimeingia stendi kwa lango moja.

Kuhusu kile kitobo cha pini nyuma: ukikibonyeza kama sekunde kumi, ruta inasahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani. Watu hukimbilia kitobo hiki kama panado. Kabla hujagusa, uliza kampuni kama laini yako inahitaji jina na neno la siri la kuingilia, uyaandike kwenye daftari. Tumekutana na familia iliyofuta yote Ijumaa jioni, ofisi ya kampuni ikawa imefungwa, na ikakaa bila intaneti mpaka Jumatatu kwa ruta ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Kubadili programu ya ndani

Sasa tuje kwa swali la vijana. Ruta ni kompyuta ndogo. Ina programu yake ndani, ambayo mafundi huiita famwea. Mtengenezaji anaiandika, anaiweka, na kwa miaka michache anaitolea marekebisho. Halafu anatoa ruta mpya, ile ya zamani anaisahau. Chuma bado kizima lakini programu imezeeka.

Ubaya wa programu iliyozeeka si uvivu tu. Mei 2018 wataalamu walitangaza kwamba kirusi kilichoitwa VPNFilter kimeingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data zaidi ya 500,000 katika nchi zisizopungua 54. Zilikuwa ruta za kawaida za nyumbani na za ofisi ndogo. FBI ya Marekani iliwaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Mwizi akikaa ndani ya ruta anaweza kuchungulia maji yote yanayopita kibandani.

Njia ya pili ilipatikana hivi. Mwishoni mwa 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iliyoitwa WRT54G. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba programu yake imejengwa juu ya Linux, ambayo ni programu huria. Sheria ya leseni yake inasema: ukiitumia na kuigawa, toa na maandishi yake wengine wayaone. Kampuni ikayatoa. Kutokana na maandishi hayo, 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, na baadaye mingine kama DD-WRT na Tomato. Leo OpenWrt inakubali mamia ya aina za ruta, bila malipo, na ruta ambayo mtengenezaji ameiacha inaweza kupata marekebisho miaka mingi zaidi.

Inafaa kwa nini hasa? Faida ya kwanza ni hayo marekebisho ya usalama. Ya pili inawahusu sana wanaogawana laini nyembamba. Mtu mmoja akipakia video, wengine wote wanakwama, hata kufungua ukurasa mdogo wa maombi ni shida. Si kwamba kasi imekwisha. Ni foleni ndefu imejikusanya ndani ya ruta, na mwenye kijiko kimoja cha maji amesimama nyuma ya lori la tangi. OpenWrt ina utaratibu wa kupanga foleni hiyo ili wadogo wasikwame. Huo hufanya kazi vizuri kwenye laini ya kasi isiyobadilika. Kwenye laini ya simu ambayo kasi yake hupanda na kushuka, faida ni ndogo.

Lakini si kila ruta. Hapa tutoe mfano wa nyumba moja ya Bulla Iftin. Mama mwenye nyumba ana vyumba anavyopangisha kwa wanafunzi. Laini ya kampuni inaingia kwenye kisanduku cha kampuni, kutoka pale waya unaenda kwa ruta yake. Vijana walikuwa wamemnunulia ruta mbili za mtumba kule Luthuli Avenue, Nairobi, zote TP-Link aina ya TL-WR841N, zinafanana kama mapacha. Moja ilikuwa inakwamakwama. Vijana wakataka kuzibadilisha zote usiku ule ule. Mama akauliza swali ambalo fundi yeyote anapaswa kuulizwa: "Na zikiharibika, nani analipa?" Wakanyamaza. Wakati huo maombi ya vyuo yalikuwa yamebakiza siku chache, na wasichana wawili wa pale walikuwa hawajamaliza.

Tuliwaomba wazigeuze wasome kibandiko. Moja ilikuwa toleo la 13, nyingine la 14. Majina sawa, matumbo tofauti. Toleo la 13 lina hifadhi ya megabaiti 8 na kumbukumbu ya megabaiti 64. Toleo la 14, ambalo ni jipya zaidi, lina 4 na 32 tu! Mtengenezaji alipunguza. Kwa OpenWrt, 4 na 32 hazitoshi tena: toleo la mwisho kuzipokea lilikuwa 19.07, na marekebisho yake yalikoma 2022. Kwa hiyo kuiwekea ile ya 14 ni kuivua nguo iliyozeeka na kuivika nyingine iliyozeeka. Ile ya 13 inakubali, ingawa kwa kubanana.

"Hooyo," kijana mmoja akamwambia mama, "basi tubadilishe hiyo moja, baada ya tarehe." Mama akakubali. Ile ya 14 ikachukua kazi peke yake siku hizo, ikahamishwa kutoka juu ya friji, ikapewa adapta yake halali. Wasichana walituma maombi yao. Ndipo vijana wakaanza kazi kwenye ile ya 13, wakiwa na mahali pa kurudi. Mwishowe ya 13 ikawa ruta kuu, na ya 14 ikazimiwa kazi ya kugawa anwani, ikaunganishwa kwa waya mpaka vyumba vya nyuma ili itoe waifai tu. Zote mbili zina kazi.

Hatua walizofuata ni hizi, na tunazieleza kwa wenye nia. Kwanza, hakikisha ruta ni mali yako. Kisanduku cha kampuni, hasa kile cha faiba, kiache kama kilivyo. Ukikiharibu utakilipa, na huenda laini ikakataa kabisa. Weka ruta yako nyuma yake. Pili, tafuta kwenye orodha ya OpenWrt aina na toleo lako, si aina peke yake, usome maelekezo ya toleo hilo mpaka mwisho kabla ya kuanza. Faili lenyewe si kubwa, halifiki megabaiti 10 kwa ruta kama hizi, lakini pakua pia faili la kiwandani la kurudia, ukiwa bado una intaneti. Linganisha alama ya ukaguzi ya faili, ile mistari ya herufi na tarakimu, na ile iliyochapishwa. Faili lililopungua njiani litaua ruta.

Tatu, tumia waya. Usifanye kwa waifai. Nne, na hapa Garissa hili ndilo kubwa, linda stima. Kwa dakika zile chache ruta inapoandikwa, stima ikikatika inaweza kubaki bila programu yoyote, na mafundi husema imekuwa tofali. Tumia betri iliyojaa, kompyuta ya mapajani nayo iwe na chaji, na usifanye kazi hii mvua ikinguruma. Nyingi zinaweza kufufuliwa: kompyuta hupewa anwani maalum, kitufe cha pini hushikiliwa wakati stima inawashwa, na ruta yenyewe huomba faili. Aina nyingine hazina mlango huo wa nyuma. Jua yako ni ya aina gani kabla, si baada.

Tano, usishtuke. OpenWrt ikishaingia, kwa ruta nyingi waifai huwa imezimwa na neno la siri la msimamizi halijawekwa. Watu huangalia simu, hawaoni mtandao, wanalia kwamba imekufa. Ingia kwa waya kwenye 192.168.1.1, weka neno la siri la msimamizi kwanza, kisha chagua nchi Kenya ili nguvu ya mawimbi ifuate sheria, halafu washa waifai na ulinzi wa WPA2 au zaidi.

Wengine watauliza, si afadhali kununua mpya tu? Pengine ndiyo. Kama ruta haiwaki kabisa hata kwa adapta nzuri, au imepigwa na radi, au ni ya 4 na 32 na ndiyo pekee inayolinda nyumba, weka pesa pembeni ununue. Lakini tukumbuke mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024, barabara ya Nairobi ilipokatika upande wa Mororo na Madogo. Wiki zile duka halikuwa na cha kukuuzia. Aliyejua kutibu alichonacho ndiye aliyebaki na mawasiliano. Na ukinunua, soma toleo kwenye kibandiko dukani kabla ya kulipa, umwulize muuzaji megabaiti ngapi. Akikuambia zote ni sawa, nenda duka la pili.

Kazi ya vikundi

Kabla ya mkutano ujao kila mwanakikundi ageuze ruta ya nyumbani na aandike kwenye karatasi aina, toleo, volti na ampea, za ruta na za adapta. Msilete ruta zenyewe, karatasi tu, na msiandike neno la siri. Tutazilinganisha pamoja. Nyumba ambazo volti hazilingani tutazitembelea kwanza, na wenye adapta za ziada kwenye makabati wazilete, zikiwa zimefungwa kamba na kuandikwa namba zake.

Wenye mitihani au maombi yanayofungwa mwezi huu wasibadilishe chochote kwa sasa. Wafanye lile la kitambaa tu.